Tiketi ya Faraday, Vijiti vya Hoshangabad

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka la vitabu jijini London alimpa kijana aliyekuwa akijifunza kazi ya kujalidi vitabu, tiketi za kwenda kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia aliyekuwa gumzo la mji, akihadhiri katika ukumbi wa Royal Institution. Kijana huyo, Michael Faraday, alikuwa mtoto wa mhunzi, na ukumbi ule haukuwa wa watu wa mfuko wake. Alikwenda, akaandika alichosikia, akachora vifaa alivyoviona mezani, kisha akayajalidi maandishi yake kwa mikono yake mwenyewe na kumpelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara. Sura za sumaku na umeme ambazo wanafunzi wa sekondari huzisoma leo zinamdai sana mtu aliyeingia darasani kwa tiketi ya kupewa.

Kisa hicho hupendwa na wanaogawa nyenzo za bure kwa shule, na wana haki ya kukipenda. Mimi kila nikikisoma naona pengo moja: mwalimu hayumo. Yupo mtoaji, yupo mwenye kipaji, basi. Na sasa hivi simu ya mwalimu wa kawaida wa Tanzania au Kenya imejaa tiketi za namna hiyo: video, maswali ya ziada, vitabu vya picha, matangazo ya mashindano ya sayansi, mafunzo ya mtandaoni yenye cheti mwishoni. Vyote bure. Ninapovipima hujiuliza kwanza hiki kinamwachia mwalimu kazi gani. Watu wa mahali mbalimbali wamelijibu swali hilo kwa namna zinazopingana, na hapa nataka kuwaweka meza moja Waingereza, Wamexico, pwani yetu wenyewe, na wilaya moja ya katikati ya India ambayo kwa maoni yangu ililikaribia jibu kuliko wote, kisha ikanyang'anywa.

Nianze na Waingereza, kwa kuwa nyenzo zao ndizo zinazotufikia kwa wingi zaidi. Mwaka 1825 Royal Institution ilianzisha Mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana. Faraday, ambaye wakati huo alikuwa ameshapanda daraja, aliitoa kwa misimu 19. Mashuhuri kuliko yote ni ile ya mshumaa, aliyoitoa mwaka 1848 na kuirudia katika majira ya baridi ya 1860 na 1861, kisha ikachapwa kuwa kitabu. Alichukua kitu kilichokuwa katika kila nyumba akaanza kukihoji. Nta inapandaje kwenye utambi? Mwanga wa mwali unatoka wapi? Akaonyesha chembe za kaboni zinavyong'aa ndani ya moto, akaonyesha maji yanavyojitokeza juu ya kitu baridi kilichowekwa karibu na mwali, akaipitisha hewa itokayo kwenye mshumaa katika maji ya chokaa mpaka yakawa kama maziwa, na mwisho akafika kwenye pumzi ya binadamu, ambayo nayo ni mwako wa polepole. Hakuna katika hayo jambo ambalo shule ya kata haiwezi kulifanya. Chokaa ipo kwa muuza vifaa vya ujenzi, mshumaa upo dukani kwa Mangi.

Lakini urithi ulioendelea baada yake ulikuwa wa kutazama. Tangu mwaka 1966 mihadhara hiyo imekuwa ikirushwa kwenye televisheni, kwanza na BBC, na leo mingi inapatikana mtandaoni bila malipo. Jukwaani yupo bingwa mwenye vifaa vinavyolipuka na kutoa moshi wa rangi, mbele yake watoto waliochaguliwa kunyoosha mikono. Mwalimu kazi yake ni kuwasha runinga. Mtoto atatoka na hamu, hilo sikatai, na hamu si kitu kidogo. Ila kesho yake atarudi kwa mwalimu yuleyule, mwenye chaki ileile, na ulinganisho utamwonea mwalimu.

Waingereza wenyewe waliona kasoro hiyo. Mwaka 1996, chini ya Toni Beardon, Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza mradi wa hisabati uitwao NRICH, ambao hadi leo hutoa maswali ya bure kwa shule zote duniani. Ufundi wao uko kwenye aina ya swali: kila mtoto aweze kulianza, na hata aliye hodari asiweze kulimaliza upesi. Moja katika hayo ni la jumla za namba zinazofuatana. Tisa ni 4 na 5 zikijumlishwa. Pia ni 2, 3 na 4. Kumi na tano ni 7 na 8, au 4, 5 na 6, au 1 mpaka 5. Je, namba ipi haiwezi kupatikana kwa njia hiyo? Mtoto wa darasa la tano ataanza kujumlisha mara moja. Baada ya muda darasa litagundua kwamba 4 imegoma, 8 imegoma, 16 imegoma, na hapo ndipo kelele huanza, kwa sababu kila mtu anakisia kuwa 32 nayo itagoma na hakuna anayeweza kusema ni kwa nini. Kuthibitisha kwake ni kazi ya kumkalisha mwanafunzi wa kidato cha sita. Halafu NRICH ina desturi nyingine ninayoipenda: watoto hutuma majibu yao, na yaliyofikiriwa vizuri huchapishwa yakiwa na jina la aliyeyatuma.

Hapo mwalimu anarudi. Swali kama hilo halijiendeshi lenyewe; linahitaji mtu wa kusema "hebu jaribu 10" kwa wakati wake, na wa kunyamaza kwa wakati wake. Beardon alilielewa hilo kiasi kwamba mwaka 2003 alianzisha Afrika Kusini kituo cha AIMSSEC, kilichojikita katika kuwanoa walimu wa hisabati, wengi wao wa shule za vijijini na za vitongoji maskini. Kwa hiyo si kweli kwamba mkondo wote wa Kiingereza ni wa tiketi. Hata hivyo swali la Cambridge limetungwa kwa darasa ambalo mwalimu wake ana ruhusa ya kupoteza kipindi kizima kwenye namba 16 bila mtu kumuuliza mada imefika wapi. Nitalirudia jambo hili la ruhusa, kwa kuwa ndilo linalouma.

Mexico walianzia upande mwingine kabisa. Hawakumtafuta Faraday aliyefichika. Walitaka kila mtoto awe na kitabu. Februari 1959 Rais Adolfo López Mateos, kwa msukumo wa waziri wake wa elimu Jaime Torres Bodet, aliunda tume ya taifa ya vitabu vya kiada vya bure na kumkabidhi mwandishi wa riwaya Martín Luis Guzmán aiongoze. Kabla ya hapo mzazi alinunua, na asiyekuwa nacho mtoto wake alikaa bila. Tangu vitabu vya kwanza vilipotoka mwaka 1960, kitabu kilekile kimemfikia mtoto wa Tijuana mpakani na Marekani na mtoto wa milima ya Chiapas, na kimekuwa mali yake: hakirudishwi mwisho wa mwaka. Kwa miaka kumi hivi kuanzia 1962 jalada lake lilibeba mchoro mmoja wa Jorge González Camarena, mwanamke mwenye asili ya wazawa wa Amerika aliyesimama mbele ya bendera na tai. Wamexico wa rika fulani ukiwaonyesha mchoro huo hawakuulizi ni nini.

Nadhani hili ni jambo kubwa kuliko wanavyolipa heshima wapenda ubunifu. Mtoto asiye na kitabu hana cha kuongezewa. Kenya ilifuata mantiki hiyohiyo mwaka 2018 ilipoanza kupeleka vitabu moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji hadi shuleni, baada ya miaka ya fedha kupitia shuleni na vitabu kutoonekana. Tanzania nayo, kupitia Taasisi ya Elimu, imeshika njia ya kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo, na taasisi hiyo imeviweka vitabu vyake katika maktaba ya mtandaoni ambapo mwenye simu anaweza kuvisoma.

Tatizo la kitabu kimoja cha bure ni kwamba yeyote anayekishika anashika vichwa vya watoto wa nchi nzima, na watu hulijua hilo haraka. Mexico vita vilianza mapema. Mwaka 1962 wazazi wa Monterrey waliingia barabarani kupinga vitabu hivyo, wakidai serikali inawalisha watoto itikadi yake. Miaka 61 baadaye, mwaka 2023, vitabu vilivyoandikwa upya vilizua mzozo uleule, na majimbo ya Chihuahua na Coahuila yakaupeleka Mahakama ya Juu mpaka ugawaji ukasimama huko kwa muda. Wanaogombana ni wanasiasa, maaskofu, vyama vya wazazi, wanataaluma. Mwalimu anasubiri apewe kilichoshinda. Katika mfumo huu yeye ni mgawaji mwaminifu, tena wa heshima, lakini wanaoandika na wanaozuia ni wengine.

Sisi wa pwani tulikuwa na jibu letu, na ni la zamani kuliko yote hayo. Mtu aliyenakili kitabu au kukinunua kwa gharama Makka au Kairo aliweza kukiweka wakfu: kisiuzwe, kisirithiwe, kisitolewe zawadi, kibaki pale kwa ajili ya wanaosoma. Katika miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimo vitabu vilivyowekwa wakfu kwa namna hiyo. Riyadha ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Habib Saleh, Sharifu mwenye asili ya Ngazija, ambaye sifa yake kubwa na lawama yake kubwa kwa watu wa mji vilikuwa kitu kimoja: aliwakalisha darasani watu ambao wenye mji hawakutaka kukaa nao, wakiwamo watumwa na watoto wa watumwa. Miswada hiyo imepigwa picha za kidijitali kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, hivyo mtu aliye Oman au Toronto anaweza kuifungua leo.

Kinachonivutia katika wakfu ni kwamba haukuishia kwenye kitabu. Ukisoma jinsi wakfu ulivyofanya kazi katika miji ya Kiislamu, utakuta mtu ameweka shamba au nyumba ya kupangisha, na kodi yake inanunua mafuta ya taa, inakarabati paa, inamlisha mwanafunzi, inampa mwalimu riziki. Al-Azhar ya Kairo iliwagawia wanafunzi wake mikate kwa karne nyingi kwa fungu la namna hiyo. Pwani yetu minazi na maduka viliwekwa wakfu kwa misikiti, na mpaka leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mtoaji alijua kwamba kitabu bila taa hakisomeki usiku, na kwamba mwalimu mwenye njaa hufupisha darasa. Linganisha na mfadhili wa leo anayeipa shule vishikwambi arobaini na kusahau umeme.

Sitaki kuupamba wakati wa zamani kupita kiasi. Chuo cha Kurani kilikuwa na ubao wa mti, wino wa masizi na fimbo, na mtoto aliitumia mingi ya miaka yake kukariri asichokielewa. Kuuliza "kwa nini" hakukuwa njia ya kupendwa na mwalimu. Wasichana wengi waliishia mapema. Wakfu ulijua kuilinda meza ya kusomea. Namna ya kusoma iliyofanyika juu ya meza hiyo haikuguswa.

Hapo ndipo Hoshangabad inapoingia, na hapo ningependa kukaa.

Hoshangabad, ambayo leo rasmi huitwa Narmadapuram, ni wilaya ya jimbo la Madhya Pradesh, kando ya mto Narmada. Mwaka 1972 asasi mbili ndogo, Kishore Bharati na kituo cha kijijini cha Wakristo wa madhehebu ya Quaker kilichoko Rasulia, ziliiomba serikali ya jimbo shule 16 za kijijini ili zijaribu kufundisha sayansi kwa watoto wa darasa la sita hadi la nane kwa njia ya kufanya badala ya kukariri. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Delhi na wa taasisi ya utafiti ya Tata ya Mumbai walikuwa wakisafiri kwenda huko kukaa chini na walimu. Mwaka 1978 mpango ulienea wilaya nzima, na mwaka 1982 ikaundwa asasi ya Eklavya kuusimamia. Kitabu chao, *Bal Vaigyanik*, hakikuwa na majibu. Kilisema kusanya majani, yapange kwa makundi, mwambie mwenzako umeyapanga kwa kigezo gani, naye akipinga mbishane. Watoto walifanya kazi kwa vikundi, wakapima, wakaandika walichokiona hata kama hakikufanana na alichokitarajia mwalimu.

Mwalimu hakuachwa peke yake na kitabu hicho. Likizo za kiangazi alihudhuria mafunzo ya wiki kadhaa ambamo alifanya kila jaribio kwa mikono yake kabla ya kumfanyisha mtoto. Kila mwezi walimu wa eneo moja walikutana kusema nini kimekwama. Yaliyokwama yalirudi kwa waandishi, na sura zikaandikwa upya. Walimu hao wakawa wakufunzi wa wenzao. Watoto nao walikuwa na mtu wa kumwandikia barua: Sawaliram, mhusika wa kubuni ndani ya kitabu, ambaye alipokea postikadi za maswali kutoka vijijini na kuzijibu.

Katika mazingira hayo ndipo Arvind Gupta alipopatia kazi yake ya maisha. Alikuwa mhandisi wa chuo cha teknolojia cha Kanpur aliyeajiriwa katika kiwanda cha malori cha Tata mjini Pune. Mwaka 1978 alichukua likizo ya mwaka mmoja akaenda kujiunga na mpango wa Hoshangabad. Huko aliona kwamba kile kimpira chembamba cha vali ya baiskeli hushika ncha za vijiti viwili vya kiberiti barabara. Unganisha vijiti vitatu, umepata pembetatu, ibonyeze, haibadiliki. Unganisha vinne, umepata mraba. Uguse kidogo unalala na kuwa msambamba. Weka kijiti cha mshazari, mraba unasimama. Mtoto amejua kwa vidole kwa nini fundi anayeezeka bati hufunga kenchi kwa pembetatu, na hajaandikiwa kanuni yoyote ubaoni. Kitabu cha Gupta cha vijiti vya kiberiti kilitoka mwaka 1987 kupitia Eklavya. Baadaye aliviweka mtandaoni vitabu, picha na filamu fupi za vifaa vyake, kila mtu achukue. Serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri mwaka 2018.

Mtanzania anaweza kusema: hilo hata sisi tulikuwa nalo. Ni kweli. *Elimu ya Kujitegemea* ya Mwalimu Nyerere, Machi 1967, iliitaka shule iishi na mazingira yake, na vyuo vyetu vya ualimu vimefundisha vizazi vya walimu kutengeneza zana kwa visoda, mabua, maboksi na udongo wa mfinyanzi. Basi ni nini kilichotofautiana? Ingia katika madarasa mengi utakuta visoda vimegandishwa kwenye manila na kutundikwa ukutani, vizuri, vikiwa vimehesabiwa tayari. Vimewekwa ili mthibiti ubora aone. Mtoto hajavishika. Zana imegeuka kuwa ushahidi kwamba mwalimu anafanya kazi, ilhali kule Hoshangabad kijiti kilikuwa cha mtoto kukivunja.

Na sababu ya tofauti hiyo wala siioni katika tabia za walimu. Ni mtihani. Watu wa Hoshangabad walipata kitu ambacho sijui mradi mwingine wa aina hiyo uliokipata kwa kiwango kile: serikali ya jimbo iliwaruhusu kutunga mtihani wao wa sayansi wa darasa la nane. Mtoto aliingia na kitabu chake mkononi, kwa kuwa maswali hayakuwa ya kukumbuka. Na sehemu ya mtihani ilikuwa ya vitendo, vifaa mezani. Mwalimu aliyepoteza kipindi kizima kwenye majani hakuwa amempotezea mtoto maksi. Hiyo ndiyo ruhusa niliyoitaja nilipozungumzia swali la Cambridge. Mwalimu wetu wa darasa la saba anaweza kulipenda sana swali la namba 16, lakini mtihani wa taifa wa Septemba unauliza mambo mengine, tena kwa namna nyingine, na wazazi, mwalimu mkuu na afisa elimu kata wote wanamsubiri kwenye matokeo. Akilichukua, atalichukua Jumamosi.

Mwaka 2002 serikali ya jimbo iliufunga mpango huo baada ya miaka 30, wakati huo ukiwa umeenea katika mamia ya shule. Kitabu cha jimbo kikarudi madarasani. Wanasayansi wa India waliandika barua za kupinga, haikusaidia. Jambo la kujifunza hapo ni chungu kwa wanaodhani kitu kizuri hujilinda: mpango uliokuwa na walimu waliofunzwa, kitabu kilichopimwa darasani na mtihani unaolingana nacho ulifutwa kwa uamuzi wa kiutawala. Eklavya ipo bado na vitabu vyake vinaendelea kuchapwa, lakini kitabu kilichobaki nje ya mtihani ni kitabu cha ziada, na mwalimu mwenye darasa la watoto 90 anajua thamani ya neno "ziada" katika ratiba yake.

Sasa tuone tulivyo leo huku kwetu. Vitu vya bure vipo, na baadhi ni vizuri kweli. Vipindi vya Ubongo Kids vilianza Dar es Salaam mwaka 2014 kupitia televisheni ya taifa, kwa Kiswahili, vikifundisha hisabati kwa nyimbo na wanyama. Ni mkondo wa Krismasi ya London uliopata miguu ya kwetu, na kwa watoto wa nyumba zisizo na vitabu vimefanya kazi ambayo darasa halikuifanya. Mradi wa TESSA, ulioanza mwaka 2005 chini ya Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, umetoa moduli za walimu wa msingi ambazo zipo pia kwa Kiswahili, zikiwa zimejaa shughuli za darasani badala ya nadharia. Young Scientists Tanzania huwakutanisha wanafunzi wa sekondari na tafiti zao, kwa kuiga maonyesho ambayo Ireland imekuwa nayo tangu mwaka 1965. Mwanafunzi huchunguza tatizo la kijijini kwake, maji, panya, mbegu, na mwalimu husimama nyuma yake kama mlezi wa utafiti. Hapo mwalimu ana kazi ya kweli.

Hata hivyo, bando la intaneti bado linagharimu. Kitabu kilicho mtandaoni bila malipo hulipiwa na mwalimu kila anapokifungua, kutoka kwenye mshahara wake, na sijaona mtoaji anayeiandika gharama hiyo kwenye ripoti yake. Nyenzo nyingi za sekondari ziko kwa Kiingereza, na mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili hukutana nazo akiwa bado anapigana na lugha yenyewe. Hayo yamesemwa sana, siyarefushi.

Kinachosemwa kidogo ni habari ya mikutano ya walimu. Tanzania ina mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, unaowataka walimu wakutane shuleni na katika vituo vya walimu kujadili ufundishaji wao. Kwa muundo, hiyo ni mikutano ya kila mwezi ya Hoshangabad. Tofauti ni kwamba kule walimu walijadili kitabu walichoweza kukibadili. Mwalimu wa Nachingwea akigundua leo kwamba zoezi fulani la kitabu cha darasa la nne linawachanganya watoto, atalisema kwenye kikao, wenzake watakubali kwa vichwa, na zoezi litaendelea kuchapwa hivyohivyo.

Kuna mradi mmoja ulioufungua mlango huo, na ni wa hapa Afrika. African Storybook, ulioanzishwa na asasi ya Saide ya Afrika Kusini na kufunguliwa mtandaoni mwaka 2014, huweka hadithi za watoto kwa leseni huria. Hadithi iliyoandikwa kwa lugha ya Uganda mwalimu wa Kenya anaweza kuitafsiri, kuipunguza iwe ya darasa la kwanza, kubadili jina la mto liwe la mto wao, kuichapa na kuisambaza bila kumwomba mtu ruhusa, na jina lake linawekwa penye mfasiri. Mwalimu anaandikwa kuwa mmoja wa watungaji. Kwangu hilo linazidi vishikwambi arobaini.

Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa upande mwingine, vinasomeka bure, lakini ukurasa wake wa mwanzo unasema haki zote zimehifadhiwa na unakataza kuvinakili bila idhini ya maandishi. Fedha iliyoviandika ni ya umma. Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha pendekezo kuhusu nyenzo huria za elimu, linalozitaka nchi wanachama ziweke kwa leseni huria vitu vya elimu vilivyogharimiwa na umma, na nchi zetu ni wanachama. Kubadili mtihani ni kazi ya miaka na ya mabishano makubwa. Kubadili maneno ya ukurasa ule kunahitaji barua moja kutoka Taasisi ya Elimu, Mikocheni, na toleo lijalo la kitabu cha darasa la nne lingeweza kutoka likimruhusu mwalimu wa Nachingwea alirekebishe zoezi lake na kulituma kwa wenzake wa kata.